Wanataka Kuni

Iko nchi moja iitwayo Hewala. Msiniulize iko upande gani. Nilimuuliza mwalimu mmoja wa jiografia, akatazama kushoto na kulia, akafunga dirisha, kisha akaniambia kwamba yeye siku hizi anafundisha michezo. Nami nikaacha kuuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa amani. Ninachojua ni kwamba Hewala ni nchi tulivu, na siri ya utulivu wake imeandikwa kwenye noti, kwenye magari ya wagonjwa na juu ya lango la gereza kuu: Hewala Haigombi.

Nchi hiyo ina kampuni ya simu ya taifa iitwayo Sauti Moja. Jina hilo halina uongo hata chembe. Katika simu mbili zinazoongea, sauti hupita moja tu: ukimsikia mwenzako, yeye hakusikii, akikusikia yeye, wewe unabaki kusema halo, halo, kama mtu anayefukuza kunguru. Waziri wa Mawasiliano, Mheshimiwa Tabasamu Ngwali, aliwahi kulifafanua jambo hili bungeni. Alisema hiyo si kasoro, ni malezi, maana nchi nyingi zimeharibika kwa watu kusema na kusikilizana kwa wakati mmoja. Wabunge walipiga meza mpaka moja ikavunjika, na meza hiyo sasa iko makumbusho.

Katika mji mdogo wa Bondeni aliishi mjane mmoja, Bi Zuwena, mkaanga vitumbua. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, Arafa, na Arafa alikuwa na miaka miwili sasa akifanya kazi za ndani katika nchi ya mbali yenye mafuta mengi. Siku ya kwanza kufika huko, mwajiri alimpokea simu yake na pasipoti yake, akavifungia kabatini ili visipotee. Tangu hapo Arafa akawa anampigia mama yake mara moja kwa wiki, Ijumaa adhuhuri, watu wa nyumba ile wanapokuwa wamekwenda kusali. Alichukua simu ya mezani akabonyeza namba pekee aliyokuwa nayo kichwani, namba ya mama yake, aliyofundishwa utotoni wakitwanga pamoja: sifuri saba, twanga, mbili mbili, twanga, tisa, pepeta. Kwenye simu ya Bi Zuwena hakikuonekana chochote isipokuwa maneno "namba haijulikani", kwa hiyo yeye hakuwa na njia ya kumpigia Arafa.

Kila Ijumaa, basi, Bi Zuwena alikipindua kinu chake nyuma ya jiko, akapanda juu, akainua shingo, kwa kuwa hapo ndipo mahali pekee katika Bondeni nzima ambapo Sauti Moja iligusa. Ijumaa moja simu iliita. Sauti ya Arafa ilikuwa ya chini, ya mtu anayetazama mlango. Alisema, "Mama, wanataka kuni—"

Kisha kimya. Baada ya kimya, yule dada wa kampuni mwenye sauti ya asali akasema Sauti Moja inakushukuru kwa kuutumia muda wako vizuri.

*

Anayejua Kiswahili anajua kwamba neno lile lilikuwa halijafika. Kuni- ni kizingiti tu. Nyumba iko mbele. Bi Zuwena alishuka kinuni akiwa amebeba kizingiti hicho, na hakujua akipeleke wapi.

Aliwauliza majirani wammalizie, na kila mmoja alimmalizia kwa kadiri ya moyo wake. Mwalimu wa madrasa alisema bila shaka wanataka kunisomesha. Muuza samaki, ambaye ana mabinti watano nyumbani, alisema wanataka kuniozesha. Mzee Pazi, fundi viatu wa nyumba ya pili, alisema wanataka kunirudisha, na alisema hivyo akiwa ameinamia kiatu ili asitazamwe usoni. Bi Zuwena aliwashukuru wote. Lakini akiwa peke yake mbele ya karai, kila kitumbua alichokigeuza kilimletea mwisho wake mwingine: kunipiga, kuniuza, kunifungia, kuniua. Alivigeuza vingi asubuhi ile, na vingi viliungua.

Mzee Pazi alikuwa na laini ya Upepo, kampuni ya pili nchini, ambayo iliruhusiwa kuingia baada ya wafadhili kununa. Upepo Bondeni ilishika hata ndani ya banda la kuku. Mzee huyo aliongea kila siku na mpwa wake Jabu, dereva wa gari la maji katika nchi ileile ya mafuta, na alimsikia vizuri kiasi cha kujua anatafuna nini. Walikwisha kumwomba Jabu akamtafute Arafa. Jabu aliuliza mtaa. Bi Zuwena hakuujua, kwa kuwa hata Arafa mwenyewe hakuwahi kutolewa nje ya geti akasoma kibao.

"Kununua laini mpya hakutakufaa," Mzee Pazi alimwambia. "Mtoto anaijua namba hiyo moja. Itabidi uhame nayo. Sheria ipo, shemeji. Inaitwa Hama na Namba."

Ilikuwa Jumapili. Zilibaki siku tano, na Bi Zuwena alifunga kibwebwe.

*

Ofisi ya Uhamaji ilikuwa kwenye makao makuu ya mkoa, katika jengo zuri lisilo na ngazi, kwa sababu ngazi zilikuwa kwenye awamu ya pili. Afisa Uhamaji, Bwana Faraji Muhuri, alikuwa kijana mpole aliyesomeshwa na serikali na akaahidi kutoisahau. Jumatatu alimpa Bi Zuwena kiti na fomu.

Sasa, neno kuhama lina uzito wake Hewala. Watu waliowahi kuhama nchini humo, wakaandikwa magazetini, ni wanasiasa peke yao: hulala huku wakaamkia kule, wakarudisha kadi hadharani, wakavishwa fulana mpya. Na neno mtandao nalo, tangu zamani, ni lile kundi la wakubwa wanaobebana. Kwa hiyo serikali ilipotakiwa itengeneze fomu ya kuhama mtandao, ilichukua iliyokuwepo. Ya nini kuharibu karatasi?

Fomu iliuliza: Unahama na wafuasi wangapi? Ulikuwa na cheo gani huko utokako? Umeahidiwa nini huko uendako? Bi Zuwena alijibu kwamba hana wafuasi, cheo chake ni mama, na ameahidiwa kusikia. Bwana Muhuri alilipigia mstari jibu la tatu. Alisema katika miaka yake sita kazini hajaona mtu aliyenunuliwa kwa bei ya chini kiasi hicho.

Chini kabisa palikuwa na nafasi ya sababu ya kuhama, mstari mmoja. Bi Zuwena alimweleza yote, tangu kinu hadi kabati la pasipoti, na Bwana Muhuri alisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Kisha akaandika kwa kifupi, kama alivyofundishwa, maana serikali haipendi sentensi ndefu. Aliandika: Wanataka kuni. Akaisoma tena, na uso wake ukafunguka.

"Mama, masuala ya kuni hayako kwetu. Nenda Maliasili."

"Si kuni za kupikia, baba. Ni neno limekatika."

"Limekatika wapi?" Bwana Muhuri alimgeuzia karatasi aone. "K, u, n, i. Herufi zote nne zipo."

Jumanne yote ikapotelea Maliasili. Huko walimshuku kwanza kwamba anakata miti ya hifadhi, wakamnusa mikono, wakakuta inanuka hiliki. Walipomsikia akiitaja nchi ya mafuta, walibadilika wakamwita mwekezaji. Waliuliza kwa nini nchi yenye mafuta inataka kuni. Mkubwa wao akajibu kwamba mafuta yana mwisho, na wenzetu wanaona mbali. Bi Zuwena alitoka na kibali cha kusafirisha tani saba za kuni nje ya nchi, nakala tatu. Alisimama barabarani na nakala zake, akalia kidogo, akajifuta na mtandio, akarudi kutafuta mahali pa kulala.

Jumatano Bwana Muhuri alizipokea nakala kwa furaha, kwa kuwa jalada lisilo na kiambatisho si jalada. Alipiga mihuri minne mfululizo. Hatua iliyobaki, alisema, ni ya uhakiki tu: ofisi itampigia mwombaji ili kujiridhisha kwamba yupo. Asipopatikana mara tatu, sheria inamhesabu kuwa hayupo, na namba yake inarudi ghalani kupewa Mhewala mwingine anayeihitaji.

Bi Zuwena aliitoa simu yake, akaiweka mapajani. "Lakini mimi natumia Sauti Moja," alisema. "Haishiki hapa. Ndiyo maana nahama."

"Ndiyo maana kuna uhakiki," alijibu Bwana Muhuri, akapiga.

Walikuwa wametengwa na meza moja. Simu ya Bi Zuwena ilikaa kimya mapajani mwake. Kwenye simu ya ofisi, dada wa asali alisema mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.

"Nipo hapa, mwanangu. Si unaniona?"

"Nakuona, mama. Lakini mimi kuona si kazi yangu." Akapiga mara ya pili. Mteja hapatikani. Bi Zuwena alipanda juu ya kiti, akainua simu hadi kwenye feni. Akampigia magoti Bwana Muhuri kutokea kule kule juu, jambo ambalo si rahisi kulifanya. Alimwomba kwa jina la aliyemzaa asiipige ya tatu.

Na hapo, nisije nikamsingizia, kijana yule alisimamisha kidole. Machozi yalimlengalenga. Alimkumbuka mama yake, akaukumbuka na mkopo wa serikali, akatafuta njia ya katikati. Alisema ipo ibara inayomruhusu anayehama kumaliza uhakiki hadharani, kwenye mkutano, mbele ya kiongozi. Tena kwa bahati, Ijumaa hii Mheshimiwa Waziri anakuja Bondeni kuufungua mnara wa Sauti Moja. Bi Zuwena atapanda jukwaani, atasema nimehama, atapokewa, na kabla jua halijazama atakuwa Upepo na namba yake ileile.

"Ijumaa saa ngapi?" aliuliza Bi Zuwena.

"Adhuhuri."

*

Mnara wa Bondeni ulikuwa umefunguliwa mara mbili hapo nyuma, na kila ulipofunguliwa uliongezwa rangi. Ndani yake hapakuwa na mtambo, ila ulikuwa na ngazi nzuri. Watu walisema ndizo zile za Ofisi ya Uhamaji. Mheshimiwa Tabasamu Ngwali aliwasili na magari ishirini na moja, na la mwisho lilikuwa lori lenye mlingoti wa antena. Lori hilo humfuata popote aendapo ili asikose simu za wakubwa zake. Mtandao ulikuja na waziri, na ungeondoka na waziri.

Bi Zuwena alikuwa ameketi jukwaani, amevaa kanga yake ya sikukuu, simu kiganjani. Mara vijiti vya mtandao vikaanza kuota kwenye kioo: kimoja, viwili, vinne, vitano. Hajawahi kuviona vyote. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile aliona kwamba Mungu yupo na anafanya kazi hata Bondeni.

Waziri alihutubia. Alisema wapo wanaobeza kwamba Sauti Moja haishiki. Akawauliza wananchi: mkono wenye upendo unashika, au unagusa tu? Watu walipiga makofi. Alisema serikali yake ni sikivu, ina masikio makubwa, na kwamba atakayehama leo atahama kwa hiari, naye yuko tayari kumpokea huko anakokwenda, kwa kuwa huko nako yupo. Watu walipiga makofi tena. Makofi yaliongozwa na Bwana Muhuri aliyesimama pembeni na kitambaa chekundu, akikiinua, wanashangilia, akikishusha, wananyamaza. Walikuwa wamefanya mazoezi tangu asubuhi na kila mmoja alikuwa amepewa soda.

Simu ikaita.

Bi Zuwena aliruka kutoka kitini na kuiweka sikioni, lakini waziri alikuwa mwepesi kuliko tumbo lake. Aliona vijiti vitano. Aliona kamera za televisheni ya taifa. Akaichukua ile simu kwa vidole viwili, kwa heshima, akabonyeza kitufe cha spika, akaisogeza kwenye kipaza sauti. "Wasikie wenyewe," alisema. "Nchi nzima isikie Sauti Moja inavyoshika."

Na sauti ya Arafa ikatoka kwenye maspika manne makubwa, safi, ya karibu, kana kwamba amesimama nyuma ya jiko. Ilisikika hata pumzi yake.

"Mama? Mama, unanisikia? Mama, wanataka kuni—"

Bwana Muhuri aliinua kitambaa.

Nani wa kumlaumu? Maagizo yalikuwa kwamba mtandao ukisikika, washangilie. Watu elfu moja walipiga makofi. Akina mama wa kikundi walipiga vigelegele, bendi ya polisi ikapuliza matarumbeta, mtu akapuliza vuvuzela. Katikati ya kelele hizo Arafa aliendelea kusema. Ilionekana kwamba anasema, maana taa ndogo ya kipaza sauti ilikuwa ikiwaka na kuzima kufuata sauti yake. Bi Zuwena alipiga magoti akabandika sikio kwenye spika, akawapungia watu mkono wanyamaze, akapiga ukelele, na watu waliomwona walidhani amezidiwa na furaha, nao wakazidisha. Alisema lote, yule mtoto. Neno lake alilimaliza, na baada ya hilo akasema maneno mengine mengi.

Kitambaa kiliposhuka, maspika manne yalikuwa yanamalizia: "...basi, Mama, nifanyeje?"

Bi Zuwena alifungua kinywa. Lakini mwenye kipaza sauti alikuwa waziri, na swali linapoulizwa mbele ya kipaza sauti chake, waziri hulijibu.

"Chapa kazi, binti," alisema. "Taifa linakutegemea." Akabonyeza kitufe chekundu.

*

Jioni ile Bi Zuwena alikwenda kwa Bwana Muhuri miguu pekupeku, akaomba asihamishwe tena, maana kila msaada wa serikali ulikuwa umemsogeza mbali na mtoto. Abaki hukohuko Sauti Moja, na kinu chake, na kimya chake, ilimradi mtoto akipiga aipate namba palepale anapoijua. Bwana Muhuri alikuwa amefunga ofisi aliyoazimwa pale Bondeni kwa siku ya mkutano, lakini alimfungulia. Alimwambia kwa upole kwamba waziri ameshatia sahihi, na serikali ikishakukubalia jambo haiwezi kukukatalia. Kisha akainama akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Usiku haukupita. Ujumbe uliingia: "Hongera. Umehama." Vijiti vitano, jikoni, uani, hata ndani ya banda la kuku.

Jumatatu likaja lori. Serikali sikivu ilikuwa imesikia, kama nchi nzima ilivyosikia kwenye spika, kwamba wanataka kuni. Ilishushwa shehena kubwa mlangoni kwa Bi Zuwena, tani saba kwa kufuata kibali, mti mkavu usio na moshi, na mpiga picha alimpiga picha akiwa amesimama kando yake. Mwanamke ambaye miaka yote amekaangia makumbi ya nazi na vifuu alipata kuni za kumtosha mpaka kufa. Majirani walimpa hongera kwa sauti ndogo.

Ijumaa iliyofuata alikaa uani tangu alfajiri. Hakupanda kinu, hapakuwa na haja tena. Adhuhuri ilipita, alasiri ikapita, simu haikuita. Ijumaa ya pili haikuita. Ndipo Mzee Pazi alipomwomba mpwa wake Jabu ajaribu kuipiga namba ile kutoka huko huko kwenye mafuta, na Jabu alirudi na habari ambayo mzee aliishika siku nzima kabla ya kuisema. Simu za kutoka nje kwenda namba iliyoanzia Sauti Moja, kumbe, huingilia kwanza Sauti Moja. Na Sauti Moja ilikuwa na jibu. Dada wa asali alisema: mteja unayempigia amehama, tafadhali usimtafute.

"Nimehama wapi mimi?" alisema Bi Zuwena. "Mimi si nipo hapa?" Alisema hivyo akimtazama Mzee Pazi machoni, na mzee hakuwa na kiatu cha kuinamia.

Masika yalikuja. Makumbi yalilowa, na jiko la Bi Zuwena likawa la moshi na kikohozi, vitumbua vikatoka vibichi katikati, wateja wakapungua. Kuni zilikuwa palepale mlangoni, amezifunika kwa turubai, kavu, hajachomoa hata ukuni mmoja. Mzee Pazi alivumilia mpaka akashindwa, akamuuliza shemeji yake kwa nini anajitesa, na riziki imeshushwa mlangoni mwake.

"Nikizichoma," alisema Bi Zuwena, "nitakuwa nimekubali kwamba ndizo walizotaka."

Akalifunga turubai vizuri zaidi, maana wingu lilikuwa linakuja. Ilikuwa Ijumaa, karibu na adhuhuri. Alikaa juu ya kinu, akaiweka simu mapajani, akaanza kuimba ile namba taratibu, kwa sauti ya mtu anayetwanga.